Babu alikuwa na moteri gani?

Vijana ninaokutana nao hapa Kibagabaga wakiandika historia ya familia, mashine ya kusaga inapita kwa sentensi moja: "Babu alikuwa na mashine kule Kongo." Mashine gani? Hapo kalamu inasimama. Picha haipo, hati zilibaki nyumbani. Lakini mzee aliyetia mazutu kwenye ile moteri miaka na miaka bado anaiona kichwani, na hayo anayoyaona yanatosha kutuambia ilitoka wapi.

Anza na magurudumu. Kama yalikuwa mawili makubwa ya chuma, moja kila upande, na silinda imesimama wima katikati, basi hiyo ni Lister CS au ndugu yake. Kampuni ya Lister ilikuwa Dursley, Uingereza, na kuanzia miaka ya 1930 moteri hizi zilienda dunia nzima kusukuma maji, kusaga na kuwasha taa. Alama 5/1 maana yake nguvu za farasi 5, silinda 1. Ilizunguka mara 600 tu kwa dakika. Baadaye ikaja 6/1, mara 650.

Sasa mtego ni huu. Mafundi wa Rajkot, India, waliiga ileile, na wao pia wanaandika 6/1. Mtu akikuambia "ni 6/1, ya Mwingereza kabisa", usikubali haraka. Muulize plaki ilisema Dursley au jina jingine. Rangi ya kijani si ushahidi, rangi inauzwa dukani.

Kama silinda ililala, maji yanachemka juu yake na mvuke unatoka, gurudumu moja tu ubavuni, hiyo ni ya namna ya Kichina. Inayojulikana sana ni S195: hiyo 1 ni silinda, 95 ni upana wake kwa milimita. Ina nguvu za farasi 12, mizunguko 2000 kwa dakika.

Sikio nalo linasaidia. Lister inapiga mara 5 hivi kwa sekunde, tu-tu-tu, karibu uhesabu. Ya Kichina inapiga zaidi ya 16, inakuwa mngurumo mmoja. Mzee akiiga sauti kwa mdomo, usicheke, andika! Nanyi wa mashirika mnaokusanya habari za wazee, muulizeni hilo kabla ya kuuliza bei.

Maana tarehe zinagongana. Mzee anasema alinunua mwaka 1955, wakati wa Mbelgiji, halafu anachora silinda iliyolala na gurudumu moja, S195 kamili. Mwaka 1955 S195 haikuwapo. Si lazima awe anadanganya. Muulize taratibu: baba, hiyo haikuwa ya pili? Ile ya kwanza uliiuza, iliibwa, au mliiacha mlipokimbia?