Si Macho, ni Mjenzi: Kisa cha Bruce Maguire na Tovuti ya Olimpiki



Tukimwona mtu asiyeona ameshindwa kutumia kitu, wengi wetu husema, "Maskini, macho yake ndiyo yaliyomzuia." Leo tutazame kesi moja iliyoamuliwa nchini Australia mwaka 2000. Kesi hiyo ilionyesha kwamba mara nyingi kizuizi si macho ya mtu. Kizuizi ni mjenzi aliyejenga nyumba akasahau kuweka mlango.

Kompyuta ilivyoanza

Kwa muda mrefu wasioona walitegemea maandishi ya nukta nundu, yaliyobuniwa na kijana wa Kifaransa, Louis Braille, katika miaka ya 1820. Yalikuwa na manufaa makubwa, lakini vitabu vyake ni vinene, ni ghali na ni vichache. Kitabu kinachoingia mfukoni kikiandikwa kwa nukta nundu huweza kuwa majalada kadhaa. Gazeti la leo lilimfikia asiyeona pale tu alipopata mtu wa kumsomea.

Kompyuta ilileta faraja. Katika miaka ya 1980 kompyuta nyingi zilionyesha herufi tupu juu ya kioo, na herufi zinaweza kugeuzwa kuwa sauti. Mwaka 1986 kampuni ya IBM ilitoa programu ya kusoma kioo kwa sauti, iliyotokana na kazi ya mtaalamu wake Jim Thatcher. Mwaka 1989 ikatoka programu nyingine, JAWS, ya Ted Henter, mwendesha pikipiki wa mashindano aliyepoteza macho katika ajali ya gari mwaka 1978. Palikuwa pia na kifaa chenye vipini vidogo vinavyopanda na kushuka, kikaunda nukta nundu chini ya vidole, mstari baada ya mstari.

Mtandao wa tovuti alioubuni Tim Berners-Lee ulipofunguliwa kwa watu wote mwaka 1991, ulikuwa maandishi karibu matupu. Kwa hiyo asiyeona mwenye kifaa chake aliweza kuusoma.

Picha zikafunga mlango

Mwaka 1993 ilitoka programu ya Mosaic, iliyoonyesha picha pamoja na maandishi katika ukurasa mmoja. Watu waliipenda sana. Watengenezaji wa tovuti wakaanza kutumia picha kwa kila kitu, hata vitufe vya kubofya na majina ya kurasa.

Hapo ndipo tatizo lilipoingia. Programu ya kusomea ilisoma herufi, haikujua picha inaonyesha nini. Ikikuta picha isiyo na maelezo, hutamka "picha" tu, au husoma jina la faili, lundo la herufi na tarakimu lisilo na maana. Dawa yake ni nyepesi: mtengenezaji anaandika maneno machache nyuma ya picha, kwa mfano "Ratiba ya kuogelea". Mwenye kuona hasumbuliwi nayo, na asiyeona husomewa.

Mwaka 1997 shirika la W3C, linalosimamia taratibu za tovuti duniani, lilianzisha mpango maalumu wa jambo hili. Tarehe 5 Mei 1999 likatoa mwongozo wake wa kwanza. Agizo la mwanzo kabisa lilikuwa hilo: kila picha na kila sauti iwe na maneno badala yake.

Bruce Maguire anadai haki

Wakati huo mji wa Sydney ulikuwa ukijiandaa kwa michezo ya Olimpiki ya mwaka 2000. Bruce Maguire, raia wa Australia asiyeona tangu kuzaliwa, alitaka kufuatilia michezo kama majirani zake. Alikuwa na kompyuta na kifaa cha nukta nundu, na alijua kuvitumia vizuri. Hata hivyo, tovuti ya Kamati ya Maandalizi ilimshinda.

Mwezi Juni 1999 alipeleka malalamiko kwenye Tume ya Haki za Binadamu na Fursa Sawa, akitegemea sheria ya mwaka 1992 inayokataza ubaguzi dhidi ya watu wenye ulemavu. Kuhusu tovuti aliomba mambo matatu:

1. Picha na viungo vyote viwekewe maneno.
2. Mtu aweze kutoka kwenye ukurasa wa ratiba na kufika kwenye orodha ya michezo.
3. Majedwali ya matokeo yaweze kusomeka.

Kamati ilikataa. Ilidai kwamba kazi hiyo ingemchukua mtu mmoja siku 368, akifanya kazi saa nane kila siku, na kwamba gharama yote ingefikia dola milioni 2.2 za Australia. Wataalamu walioitwa upande wa Maguire walipinga hesabu hiyo. Walieleza kwamba fundi mmoja mzoefu, akiwa na wasaidizi wachache, angemaliza kwa wiki nne hivi.

Tarehe 24 Agosti 2000 Kamishna William Carter alitoa uamuzi: Maguire amebaguliwa. Aliamuru tovuti irekebishwe kufikia tarehe 15 Septemba, siku ya ufunguzi wa michezo. Marekebisho hayakukamilika, na mwezi Novemba Kamati ikaamriwa kumlipa fidia ya dola 20,000. Fedha hizo hazikuweza kumrudishia michezo iliyokwisha kupita. Lakini tangu hapo ikajulikana kwamba tovuti nayo ni huduma ya umma, na kwamba kumfungia mtu tovuti ni kumnyima haki yake.

Yaliyofuata

Mwaka 2006 Umoja wa Mataifa ulipitisha Mkataba wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, na kifungu chake cha 9 kinataja intaneti waziwazi. Kenya, Uganda na Rwanda ziliuridhia mwaka 2008, Tanzania mwaka 2009, Burundi mwaka 2014 na Kongo mwaka 2015. Kwa hiyo haki aliyoidai Maguire kule Sydney, nchi zetu nazo zimeikubali.

Mwaka huo huo wa 2006 kijana asiyeona wa Australia, Michael Curran, alianza kutengeneza programu ya NVDA, na mwenzake James Teh akaungana naye. Programu hii hutolewa bure, na sauti yake ya eSpeak inaweza kusoma hata Kiswahili. Simu nyingi za siku hizi pia zina msomaji wa sauti ndani yake. Basi mzazi mwenye mtoto asiyeona asikate tamaa akidhani lazima awe na fedha nyingi.

Tunajifunza nini?

La kwanza, kusahau kwetu ndiko kunakoleta gharama. Kuandika maneno ya picha siku unapoiweka ni kazi ya nusu dakika. Kuyaandika baada ya kurasa elfu kujaa, ndipo watu huanza kuhesabu siku 368.

La pili, jambo hili limo mikononi mwetu. Ratiba ya madrasa ikipigwa picha na kutumwa kwenye simu za wazazi, asiyeona huenda asipate kitu. Andika na maneno chini yake. Tangazo la msiba likiwa la sauti peke yake, ndugu yetu kiziwi atalijua baada ya maziko. Video ya mawaidha nayo iwekewe maandishi.

La tatu, tusimwambie mtu "pole" pale anapostahili kufunguliwa mlango. Maguire alikuwa na elimu, kifaa na hamu ya kusoma. Alichokikosa ni maneno machache ambayo wengine hawakutaka kuyaandika.