LAND ROVER YA SHULE NA NATI ZA INCHI

Mhariri aliniomba taarifa fupi juu ya kazi ya kuifufua Land Rover ya shule, ambayo chama chetu kiliamua kuitengeneza ili vijana waliopo shuleni waione ikitembea siku ya mkutano wa mwaka. Taarifa yenyewe ni fupi kweli: chesisi imekwanguliwa kutu na kupakwa rangi, injini imefunguliwa na kufungwa, bodi iko salama, na gari bado halitembei. Kila nikikutana na wenzangu pale stesheni ya Kigoma au sokoni Mwanga naulizwa swali lile lile: huu mwaka wa pili sasa, injini ipo, magurudumu yapo, mnangoja nini huko Simbo? Tunangoja vitu ambavyo ukivikusanya vyote vinaenea katika kofia moja. Kwa nini vitu hivyo havipatikani, ni habari ndefu, na nimeona afadhali niiandike yote kuliko kujibu mmoja mmoja barabarani.

Waliosoma kabla ya mwaka 1975 wanalikumbuka gari lenyewe. Ni Land Rover ya aina inayoitwa Series IIA, yenye urefu wa inchi 109 baina ya ekseli na ekseli, injini ya petroli ya lita mbili na robo. Ndiyo iliyokuwa ikileta mahindi na maharage kutoka stesheni, na ndiyo iliyokuwa ikipeleka wagonjwa usiku. Wadogo zetu wafahamu kwamba Land Rover ya kwanza ilitoka Uingereza mwaka 1948, wakati chuma cha pua na cha bati kilikuwa kwa mgawo baada ya vita, lakini aluminiamu ya kiwanda cha ndege ilikuwa tele. Kwa hiyo bodi ikatengenezwa kwa mchanganyiko wa aluminiamu. Uhaba wa Waingereza umetufaa sisi, kwani gari limelala chini ya michikichi ya Simbo tangu katikati ya miaka ya 1980 na bodi haijatoboka popote. Chesisi, ambayo ni chuma, ndiyo iliyoliwa.

Hapana gari lililoenea Kigoma kama hilo. Reli ya Kati ilifika kwetu mwaka 1914, na kwa muda mrefu baada ya hapo garimoshi ndilo lililokuwa barabara yetu. Hata magari yenyewe yalikuja juu ya mabehewa. Ukishuka stesheni, kilichobaki kilikuwa vumbi wakati wa kiangazi na matope wakati wa masika. Mabwana shamba, waganga wa wilaya, mapadre, wapimaji ramani, wote walipanda Land Rover. Ilipofika Operesheni Kigoma ya mwaka 1972, ya kuhamishia watu vijijini, mlio wa injini hiyo ulikuwa ukisikika kijijini kabla ya bwana mkubwa kuonekana, na si kila mtu aliyefurahi kuusikia.

Sasa nije kwenye nati. Najua wapo watakaoruka sehemu hii, lakini ndiyo kiini cha shauri lote.

Bolti ina vipimo viwili: unene wake, na hesi zake, yaani ile mizunguko ambayo mafundi wetu huiita thredi. Waingereza walikuwa na hesi zao tangu karne ya 19, zilizoitwa kwa jina la mhandisi Joseph Whitworth. Wamarekani walikuwa na zao. Katika Vita Kuu ya Pili mataifa hayo mawili yalipigana bega kwa bega, kumbe nati ya mmoja haiingii katika bolti ya mwenzake. Basi mwezi Novemba 1948 Uingereza, Marekani na Kanada zilitia saini mapatano ya kutumia hesi za namna moja, bado kwa inchi. Magari ya Kiingereza yakahamia huko polepole, na ndiyo maana Land Rover ya miaka ya 1960 imejaa hesi hizo, na hapa na pale imebakiza za zamani. Mwaka 1965 serikali ya Uingereza ikaanza kuhimiza viwanda vyake viache inchi na kushika mili. Gari letu limezaliwa katikati ya safari hiyo.

Chukua bolti ya inchi tano kwa kumi na sita, ambayo imetapakaa katika injini ile. Unene wake ni mili 7.94. Bolti ya mili 8, inayouzwa leo katika kila duka kuanzia Mwanga hadi Kasulu, kwa macho huwezi kuitofautisha nayo. Lakini ile ya inchi ina hesi 24 katika kila inchi, maana yake mzunguko mmoja unasogea mili moja na kidogo. Ile ya mili 8 mzunguko mmoja unasogea mili 1.25. Itaingia mzunguko mmoja au miwili, kisha itagoma. Fundi mwenye subira ataichomoa. Fundi mwenye haraka atatafuta spana ndefu zaidi, na tundu la injini litakuwa limekwisha. Tulipofungua injini tulikuta matundu manne yaliyoharibiwa namna hiyo na mtu ambaye jina lake halijulikani na si lazima lijulikane. Kuyatengeneza ilibidi kuyapanua, kukereza bushi za chuma na kuzikata hesi upya ndani yake. Siku nne za kazi kwa bolti nne.

Hali haikuwa hivyo siku zote. Nilipokuwa kidato cha pili, kitu kidogo kikiharibika mwalimu aliyesimamia gari aliandika barua, na kipuri kikaja kwa garimoshi kutoka Dar es Salaam, au kutoka Nairobi kupitia kwa mawakala, kikiwa ndani ya boksi lake na namba yake. Mambo yalibadilika kwa mafungu. Mwaka 1973 bei ya mafuta ilipanda duniani. Uagizaji wa magari ukawa mikononi mwa shirika la umma, State Motor Corporation, na kila kipuri kikahitaji kibali na fedha za kigeni ambazo nchi haikuwa nazo. Februari 1977 mpaka wa Kenya ukafungwa, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, na njia ya Nairobi ikafa mpaka Novemba 1983. Katikati ya hayo vikaja vita vya Kagera, Oktoba 1978, na magari mengi ya raia na ya mashirika yakaenda mstari wa mbele.

Hapo ndipo fundi wa Simbo alipopata jina. Sitamtaja, kwa sababu hakupenda kutajwa alipokuwa hai, lakini wengi mnamjua. Aliwahi kufanya kazi na wazungu wa ujenzi wa barabara, akarudi kwao na sanduku la spana na kitabu cha vipuri cha Land Rover kilichokwisha jalada. Kitabu hicho alikisoma kama msahafu. Alijua kwamba namba ya chesisi inaeleza mengi: tarakimu za mwanzo zinaonyesha kama gari lilikusudiwa kuuzwa nje na kama usukani uko kulia au kushoto, na herufi ya mwisho inaonyesha mabadiliko ya kiwandani, hata magari mawili ya aina moja yakatofautiana gia boksi. Mtu akija kumwuliza kipuri bila namba ya chesisi, alimrudisha nyumbani akaisome.

Na pale palipokosekana kipuri, alikitengeneza. Kaboni za dainamo alizichonga kutoka katika betri za tochi zilizokwisha: kile kijiti cheusi cha katikati, akakisugua kwa tupa mpaka kikaenea. Hakikudumu, labda miezi miwili, lakini taa ziliwaka. Gasketi alikata kwa kadibodi ya maboksi ya maziwa ya unga na kuipaka sabuni. Ekseli ya nyuma, ambayo katika Land Rover hizo ilikuwa na sifa mbaya ya kukatika, aliiunga kwa moto wa gesi huku akituonya tusiiamini mlimani. Kitu kimoja tu alikataa kukiiga, nacho ni raba za silinda za breki. Wengine walizichonga kwa tairi kuukuu na kutia maji ya sabuni badala ya mafuta ya breki. Yeye alisema, "Mwanangu, taa ikizimika utasimama. Hii ikikosea hutasimama." Gari la shule lilipokosa raba hizo ndipo alipolitia mawe chini ya magurudumu, na likabaki hapo.

Wakati huo, kuwa na vipuri vingi nyumbani kulikuwa hatari vile vile. Katika msako wa wahujumu uchumi wa mwaka 1983 watu nchini walitupa mali usiku wakiogopa kuulizwa wamezipata wapi. Bajeti ya mwaka uliofuata ikaruhusu mwenye fedha zake za nje alete bidhaa bila kuulizwa, na milango ikaanza kufunguka. Lakini kilichoingia kupitia milango hiyo, hasa baada ya mwaka 1990, kilikuwa magari ya Kijapani yaliyotumika, na hayo ni ya mili kutoka pembe hadi pembe. Vipuri vikajaa madukani, sisi tukabaki na njaa yetu. Kiwanda cha Solihull kilikuwa kimeacha kutengeneza magari ya Series mwaka 1985.

Fundi wetu alipenda kutoa mfano wa meli ya Liemba, nami naona ni mfano mzuri kuliko alivyojua. Meli hiyo iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen, ikafunguliwa vipande vipande, ikapakiwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikaletwa kwa bahari na reli, ikaundwa tena Kigoma na kushushwa majini mwaka 1915. Tarehe 26 Julai 1916 Wajerumani, wakikimbia, waliizamisha wenyewe; lakini kwanza mafundi walizipaka injini grisi nzito. Wabelgiji waliiinua, ikazama tena. Waingereza walipoiinua mwaka 1924, injini na boila zilionekana bado zafaa, na mwezi Mei 1927 ikaanza safari kwa jina lake la sasa. Injini zile za mvuke zilifanya kazi mpaka miaka ya 1970 zilipobadilishwa kwa za dizeli. Fikirini: miaka minane majini, na hakuna duka popote Afrika lililokuwa na kipuri hata kimoja cha injini hiyo. Wale mafundi walijua hivyo, na ndiyo maana walitumia saa zao za mwisho kupaka grisi.

Fundi wa Simbo naye alipaka grisi. Alipofariki, nilikwenda kuhani, na siku ya nne nikakuta mizani imetundikwa uani. Mnunuzi wa chuma chakavu alikuwa amefika, kama wanavyofika kila mahali siku hizi, na mjukuu mmoja alikuwa akimpimia kila kitu kwa kilo. Chini ya meza ya kazi kulikuwa na madebe mawili ya mafuta ya kula, mazito hata kijana hakuweza kuyanyanyua. Juu ya moja marehemu aliandika kwa rangi nyeupe: INCHI, USICHANGANYE. Nilimsihi kijana asubiri. Akanijibu kwa adabu kabisa, "Babu, mimi sikatai, lakini vyuma hivi vya zamani havifungi kitu chochote siku hizi." Alisema kweli. Nililipa bei ile ile ya kilo, mnunuzi akanicheka, na madebe yakapanda baiskeli. Kitabu cha vipuri hakikuonekana. Nadhani kiliwashia moto msibani, na hilo linaniuma kuliko kifo cha gari.

Ndani ya madebe, chini ya grisi iliyoganda kama mawese ya baridi, tulipata bolti na nati za inchi zaidi ya mia tatu, zote zimefungwa kwa waya kwa vipimo. Tulipata platinamu mbili mpya za distribyuta ya Lucas na seti moja ya kaboni za dainamo ambazo, nadhani, aliziweka akiba huku akitumia za tochi. Kwa hayo injini imefungwa.

Wengine wameshauri tutie injini ya Kijapani tumalize. Nimekataa, na kamati imenikubalia kwa kura chache. Gari lenye injini hiyo lingefika mkutanoni, naam, lakini vijana wangeona bodi tu.

Uingereza yapo makampuni yanayoishi kwa kuuza vipuri vya Land Rover za zamani, na tumeagiza. Raba ya breki bei yake ni ndogo kuliko ya nauli yake. Zilizokuja mara ya kwanza zilikuwa za bandia na zilivimba katika mafuta baada ya wiki mbili. Tuliziweka katika chupa ya majaribio kabla ya kuzifunga, kama marehemu alivyokuwa akifanya. Seti ya pili bado imo chupani ninapoandika, na mpaka sasa haijavimba.

Kwa hiyo kinachotafutwa ni hiki. Silinda mbili za breki za magurudumu ya nyuma, za Girling, kwa gari la inchi 109. Dayaframu ya pampu ya petroli. Rota ya distribyuta ya Lucas yenye alama 25D4. Na kitabu cha vipuri cha Series IIA, hata kikiwa na kurasa pungufu. Wanachama walioko Dar es Salaam waulize Gerezani, kwa wazee, si kwa vijana. Walioko Bujumbura na Nairobi hali kadhalika. Kilichoharibika pia kiletwe, maana tutakitumia kama kipimo. Akabidhiwe katibu wa chama, naye atakipeleka Simbo.