Mahakama husamehe lini rufaa iliyochelewa?

MKAZI wa Siongiroi, Kaunti ya Bomet, anayeshindwa katika kesi ya mpaka wa shamba mbele ya hakimu ana siku 30 pekee za kukata rufaa. Hesabu huanza siku uamuzi ulipotolewa, wala si siku alipopata habari zake. Wengi hulitambua hilo wakiwa wamechelewa, pengine notisi ya kuwahamisha ikiwa tayari mikononi.

Hata hivyo, mlango haujafungwa kabisa. Kifungu cha 79G cha Sheria ya Utaratibu wa Kesi za Madai, kinachoweka muda huo kwa rufaa zinazotoka kwa hakimu kwenda Mahakama Kuu, kinaruhusu pia rufaa iliyochelewa kupokewa iwapo mrufani ataonyesha sababu nzuri ya kutosha. Katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi kipimo ni hicho hicho. Katika Mahakama ya Rufaa, notisi huwasilishwa ndani ya siku 14 na kumbukumbu za rufaa ndani ya siku 60, na Kanuni ya 4 inaruhusu muda huo kuongezwa.

Jinsi ruhusa hiyo inavyotumika ilifafanuliwa na Mahakama ya Juu mwaka wa 2014, katika kesi iliyotoka Bomet kwenyewe. Nicholas Salat, aliyewania useneta wa kaunti hiyo mwaka wa 2013 na kushindwa na Wilfred Lesan, alishindwa pia katika Mahakama ya Rufaa. Alipofika Mahakama ya Juu, muda ulikuwa umepita. Aliwasilisha rufaa kwanza, kisha akaomba aongezewe muda ili rufaa hiyo itambuliwe.

Majaji walikataa. Walisema hati iliyowasilishwa nje ya muda bila idhini ni batili, na mahakama haiwezi kuhalalisha kilichokuwa haramu tangu mwanzo. Lesan aliendelea kuwa seneta hadi 2017.

Uamuzi huo ndio unaotajwa leo karibu katika kila ombi la aina hii nchini. Kuongezewa muda si haki ya mtu bali ni hiari ya mahakama, na anayeomba ndiye mwenye jukumu la kuishawishi. Kila ombi hupimwa kivyake: sababu ya kuchelewa, madhara yatakayompata mpinzani, na iwapo mwombaji alifika bila kuzembea zaidi. Maslahi ya umma nayo huzingatiwa, hasa katika kesi za uchaguzi. Mahakama ya Rufaa, tangu miaka ya 1990, huangalia pia urefu wa muda uliopotea na, pengine, kama rufaa yenyewe ina uzito.

Sababu ndiyo huwaangusha wengi. Siku tano zisizoelezwa zaweza kuwa mbaya kuliko miezi miwili iliyoelezwa kwa stakabadhi. Anayelalamika kwamba nakala za kesi zilicheleweshwa hana budi kuonyesha barua aliyoziombea, na tarehe yake. Katika Mahakama ya Rufaa, barua hiyo ikiandikwa ndani ya siku 30 na mpinzani akapewa nakala, msajili aweza kuthibitisha siku zilizotumika kuandaa kumbukumbu, nazo zikaondolewa katika hesabu.

Na kosa la wakili je? Jaji Chunilal Madan alishikilia kwamba kosa la wakili halifungi mlango wa haki. Mahakama za baadaye zimekuwa kali zaidi: mteja hutakiwa aonyeshe kwamba yeye mwenyewe alifuatilia kesi yake. Kutaja Kifungu cha 159 cha Katiba ya 2010, kinachotaka haki isizuiwe na ufundi wa kisheria, hakutoshi peke yake.

Kuhusu 79G, baadhi ya majaji wa Mahakama Kuu wamewahi kuamua kwamba rufaa lazima iwepo kwanza ndipo ipokewe, jambo lisilopatana vyema na msimamo wa 2014. Njia salama ni kuomba idhini kwanza, rasimu ya rufaa ikiwa imeambatishwa.

Kwa aliyehukumiwa kwa kosa la jinai muda ni mfupi zaidi, siku 14, lakini sheria ni ya huruma zaidi. Kifungu cha 349 cha Sheria ya Utaratibu wa Kesi za Jinai kinailazimu Mahakama Kuu kuipokea rufaa iwapo mfungwa alichelewa kwa kukosa nakala ya hukumu na kumbukumbu ndani ya muda ufaao baada ya kuziomba.

Katika kesi za madai, kuongezewa muda hakusimamishi utekelezaji wa hukumu. Hilo huombwa kando chini ya Agizo la 42, na mwombaji huonyesha hasara kubwa itakayompata, kisha hutoa dhamana. Mkulima aliyepewa muda wa kukata rufaa bila kupata amri hiyo bado aweza kuondolewa shambani kabla rufaa haijasikizwa.