Ukucha wa Surrey: Habari za Mnyama wa Kale Aliyekula Samaki

Wasikilizaji wetu, mara nyingi tusemapo habari za kale twafikiri habari za wafalme, za vita, na za majahazi yaliyokuja na kaskazi. Hizo ni habari zilizoandikwa na watu, au wazee waliwahadithia vijana. Lakini ziko habari nyingine, za kale mno kuliko hizo, ambazo hakuna mtu aliyeziona wala aliyezihadithia, kwa kuwa zilipotokea hapakuwa na mtu ulimwenguni. Habari hizo zimeandikwa katika mawe.

Leo twataka kuwaeleza habari moja ya namna hiyo: habari ya mnyama mla nyama aliyekuwa na ukucha mkubwa kupita kiasi, jinsi mifupa yake ilivyoonekana, na jinsi wataalamu walivyopata kuujua mwenendo wake. Tena twataka kuonyesha ya kwamba mfupa ulio peke yake ni kama shahidi mmoja barazani. Huenda akasema kweli, lakini hukumu haikatwi kwa neno lake tu.

Kusini mwa Uingereza, katika jimbo la Surrey, karibu na kijiji cha Ockley, palikuwa na machimbo ya udongo yaitwayo Smokejacks. Udongo huo ulichimbwa ili kufanyiza matofali. Mwezi wa Januari 1983 fundi mmoja wa mabomba, Bwana William Walker, alikwenda huko kutafuta masalio ya viumbe wa kale, kazi aliyoipenda ingawa haikuwa ya mshahara. Aliona jiwe, na ndani ya jiwe mlikuwa na ukucha uliovunjika vipande. Alipoviunga vipande hivyo aliona kwamba ncha haipo. Mtu mwingine angaliridhika na kile alichokipata, lakini Bwana Walker alirudi machimboni baada ya majuma machache, akainama tena udongoni, akatafuta mpaka akaiona ncha yenyewe. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Ukucha ulipokamilika ulikuwa na urefu wa inchi 12 hivi, ukipimwa kwa kuufuata mviringo wake. Tuchukue rula ya futi moja, ile itumiwayo na watoto wa shule, nao ukucha huo wakaribia kuijaza rula yote. Hapo alipokuwa hai mnyama mwenyewe, ukucha ulikuwa mrefu zaidi, maana huo tulio nao leo ni mfupa wa ndani tu, nao ulivikwa ganda gumu, kama vile pembe ya ng'ombe ivikavyo mfupa ulio ndani yake. Ganda hilo liliharibika zamani, likabaki hilo jiwe.

Ukucha ulipelekwa London, kwenye jumba kubwa la makumbusho ya viumbe. Huko Bwana Alan Charig na Bibi Angela Milner, wataalamu wa wanyama watambaao wa kale, waliuchunguza. Mwezi wa Februari wakaenda watu wa jumba hilo kutazama machimbo, na katika miezi ya Mei na Juni ya mwaka uleule wakafanya kazi ya kuchimba kwa muda wa majuma matatu. Walitoa mawe 54, uzito wake wote tani 2 hivi. Mahali mifupa ilipolala palichorwa katika ramani. Kisha ikaanza kazi ngumu ya kuitoa mifupa katika mawe kidogo kidogo, maana jiwe lenyewe lilikuwa gumu sana. Tarehe 27 Novemba 1986 wataalamu hao wawili walimtangaza mnyama wao katika gazeti la elimu liitwalo Nature, wakampa jina la Baryonyx walkeri. Neno la kwanza latoka katika Kiyunani, maana yake ukucha mzito, na la pili ni la kumheshimu yule fundi wa mabomba. Walakini habari zake zote kwa urefu hazikupigwa chapa mpaka mwaka 1997.

Mnyama huyo alikuwa katika jamii ya wale wanyama wa kale waitwao dinosaria. Aliishi miaka milioni 125 hivi iliyopita, au zaidi kidogo, wakati nchi ya Surrey ilipokuwa bonde la mito na vinamasi. Alikwenda kwa miguu miwili, na wataalamu wakadiria kwamba urefu wake tangu pua hata ncha ya mkia ulikuwa kati ya futi 25 na 33. Lakini ajabu yake haikuwa ukubwa. Ajabu ilikuwa kichwa chake. Wenzake wala nyama walikuwa na vichwa vipana na virefu kwenda juu, na meno yaliyobapa kama visu. Huyu alikuwa na taya ndefu nyembamba kama za mamba, na meno yaliyochongoka, ya kushika kuliko ya kukata. Kila upande wa taya la chini ulikuwa na nafasi za meno 32, karibu mara mbili ya idadi ya wenzake.

Taya za namna hiyo ni taya za mvuvi. Hata hivyo, kufanana na mvuvi si sawa na kuvua. Basi wataalamu wakatazama mahali palipokuwa tumbo la mnyama, wakakuta magamba na meno ya samaki, nayo yameliwa na maji makali ya tumbo. Hapo dhana iligeuka kuwa ushahidi, nao ulikuwa ushahidi wa kwanza wa namna hiyo kwa dinosaria wala nyama. Pamoja na magamba hayo ilionekana mifupa ya mtoto wa dinosaria mla majani. Kwa hiyo hatuna ruhusa ya kusema kwamba alikula samaki tu. Wala mifupa hiyo haisemi kama yeye ndiye aliyemwua mtoto yule, ama alimkuta amekwisha kufa.

Na ule ukucha je? Haukuonekana umeungana na mkono wala mguu. Lakini mifupa ya mkono ilionekana, nayo ilikuwa mikubwa yenye nguvu, ndipo wataalamu wakaamua ya kwamba ukucha ulikuwa wa kidole gumba cha mkono. Wakasema huenda mnyama alisimama kando ya maji, akawapiga samaki kwa ukucha kama kulabu, mfano wa dubu wa nchi za baridi. Msikilizaji na apambanue hapa mambo matatu. Kwamba alikula samaki, magamba yashuhudia. Kwamba ukucha ulikuwa wa mkono, mifupa mingine yaelekeza hivyo. Kwamba aliwatoa samaki majini kwa ukucha huo, hilo ni wazo lenye busara, lakini ni wazo. Mwalimu awafundishaye watoto bila kuyatenga mambo hayo matatu awafundisha kuamini tu, hawafundishi kupima.

Ili tuone hasara ya mfupa ulio peke yake, turudi nyuma kidogo. Mwaka 1841 mtaalamu mashuhuri wa Uingereza, Richard Owen, aliandika habari za meno fulani yaliyopatikana kusini mwa Uingereza. Yalikuwa yamechongoka na yana mifuo, yakafanana na ya mamba. Basi akampa mwenye meno jina la Suchosaurus, yaani mjusi aliye kama mamba. Owen ndiye yule aliyebuni neno lenyewe la dinosaria mwaka 1842, wala hakuwa mtu wa kubahatisha. Lakini alikuwa na meno tu mkononi, bila taya, bila mkono, bila ukucha. Meno hayo yalikaa katika makumbusho zaidi ya miaka 140, yakihesabiwa kuwa ya mamba. Baada ya mnyama wa Surrey kuonekana, yalilinganishwa na meno yake, ikajulikana kwamba yalikuwa ya jamaa yake, kama si yake mwenyewe. Kumbe alikuwa ameonekana zamani, ila hakutambulikana!

Jambo kama hilo lilitokea Argentina, safari hii kwa ukucha wenyewe. Mwaka 1998 mtaalamu Fernando Novas alitangaza mnyama mwingine mla nyama, akamwita Megaraptor. Kati ya mifupa yake michache ulikuwamo ukucha mkubwa sana. Ilidhaniwa kuwa ni wa mguu, kwa sababu wako dinosaria wadogo wenye ukucha wa mundu miguuni. Mwaka 2004 zikatolewa habari za mifupa mingine ya mnyama yuleyule, na ndani yake mkono mzima. Ukucha ukaonekana mahali pake, mkononi. Hapana aibu katika jambo hilo. Elimu huendelea kwa kukubali ushahidi mpya uletwapo.

Tena iko habari ya Misri, nayo ni ya huzuni. Mwaka 1912 katika jangwa la Bahariya ilipatikana mifupa ya mnyama mkubwa mwenye miiba mirefu mgongoni. Mtaalamu wa Kijerumani, Ernst Stromer, alimwandika mwaka 1915 kwa jina la Spinosaurus. Mifupa hiyo iliwekwa Munich. Usiku wa tarehe 24 kuamkia 25 Aprili 1944 mji ule ulipigwa mabomu, jumba likaungua, mifupa ikapotea. Yakabaki maandishi na picha alizozichora Stromer kwa uangalifu. Walakini taya lililochorwa katika picha hizo lilifanana na taya la mnyama wa Surrey, na kwa kufanana huko wataalamu walitambua kwamba hao wawili ni ukoo mmoja. Mwaka 1998 akatangazwa ndugu wa tatu, Suchomimus, aliyepatikana katika jangwa la Niger, naye alikuwa na taya ndefu na ukucha mkubwa wa gumba. Hivyo fundi wa mabomba wa Surrey alisaidia kuyafumbua maandishi ya Misri ambayo mifupa yake imekwisha kuwa majivu.

Je, ukoo huo ulifika kwetu Afrika ya Mashariki? Katika kilima cha Tendaguru, nchi ya Lindi, Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria tangu mwaka 1909 hata 1913. Miongoni mwa mizigo yao yalikuwamo meno ya mla nyama, ya zamani kuliko mnyama wa Surrey kwa miaka milioni 20 na zaidi. Mwaka 2012 mtaalamu Mfaransa, Eric Buffetaut, aliyapa jina la Ostafrikasaurus, akasema huenda ni ya mmoja wa wakale wa ukoo huu. Wenzake wengine hawakukubali, wasema kwamba yafanana na ya jamii nyingine. Sisi tuliokwisha kusikia habari za meno ya Owen twajua kwa nini maneno hayo hayajakatika. Meno ni shahidi mmoja. Na aje shahidi wa pili, taya au ukucha, ndipo baraza litoe hukumu.

Tukiitaja Tendaguru yatupasa kulitaja na jina la mtu. Kazi ile ilifanywa na mamia ya watu wa nchi, waliochimba, na waliochukua mizigo kwa vichwa mpaka bandari ya Lindi. Msimamizi mkuu wa wachimbaji aliitwa Boheti bin Amrani. Bwana Walker aliingizwa katika jina la mnyama wake kabla ya miaka minne kwisha tangu alipouona ukucha. Boheti naye alingoja mpaka mwaka 2007, ndipo dinosaria mla majani wa Tendaguru alipopewa jina la Australodocus bohetii kwa kumheshimu. Heshima hiyo ilikawia sana, na yeye hakuiona. Lakini haki ni haki ijapokuwa imechelewa, nasi walimu twaweza kuizidisha kwa kulitamka jina lake darasani pamoja na majina ya maprofesa. Mwaka 2021 ukoo wa mnyama wa Surrey uliongezewa jamaa wawili kutoka kisiwa cha Wight, na mmoja wao aliitwa Riparovenator milnerae, kwa kumheshimu Bibi Milner, aliyefariki mwaka uleule.

Basi, wasikilizaji, mkiona katika korongo au machimboni jiwe lenye umbo la mfupa au la jino, msilivunje, wala msilichukue kwa haraka likawa pambo la nyumba. Tieni alama mahali lilipo, andikeni lilivyolala, mkatoe habari kwa watu wa makumbusho. Jiwe lililong'olewa mahali pake limetengwa na mashahidi wenzake, na huenda likakaa miaka 140 likiitwa jina lisilo lake.