Fedha za Umma na Nyumba za Jamii katika Ufipa

Historia ya Ufipa aghalabu imeandikwa kwa kuwafuata watawala: Watwa na nchi zao mbili za Nkansi na Lyangalile, Mapadri Weupe waliofika Karema mwaka 1885, Wajerumani wa Kasanga, mji walioupa jina la Bismarckburg, na baada yao Waingereza walioweka boma juu uwandani. Fedha hazikupewa nafasi kubwa katika historia hiyo. Hata hivyo, anayetaka kujua kwa nini kijiji kimoja cha Ufipa kina nyumba ya kukutania watu wote na kingine hakina, hatapata jibu katika ukoo wa watawala. Atalipata katika vitabu vya hesabu.

Kwanza yafaa maneno yenyewe yaangaliwe, maana yana historia yake. Baraza, ambalo mwambaoni ni kikalio cha mawe mbele ya nyumba, liliingia bara likiwa limekwisha kuchukua maana ya mkutano wa mtawala na watu wake. Ukumbi ulikuwa sehemu ya nyumba ya mtu kabla ya kuwa jumba la umma. Ama “ustawi wa jamii” na “maendeleo ya jamii”, hayo yalikuzwa na ofisi za serikali baada ya Vita Kuu ya Pili. Watu wa mijini walisema “welfea” tu, wakaelewana. Tofauti hizi si za maneno matupu. Baraza huitishwa na mwenye amri, na likiisha watu hutawanyika. Nyumba ya jamii yatakiwa iwe wazi hata siku ambayo mwenye amri hayupo, na kwa hiyo yahitaji bati lisilovuja, mlinzi, mafuta ya taa, na mtu wa kulipa gharama hizo mwaka hata mwaka. Hapo ndipo shida huanzia.

Sheria ya Mamlaka za Wenyeji ya mwaka 1926, iliyotungwa chini ya Gavana Donald Cameron, iliambatana na hazina za wenyeji. Sehemu ya kodi ya nyumba na ya kichwa ilirudishwa katika hazina hizo, na kwa jina zilikuwa fedha za watu wenyewe. Lakini mishahara ya watawala, makarani na matarishi ilitangulia, kisha mahakama, njia na zahanati. Kilichosalia kilikuwa kidogo. Katika Ufipa jambo hili lilikuwa na uchungu wa pekee. Vijana wengi walikwenda mbali kutafuta fedha ya kodi: kwenye dhahabu ya Lupa, mashamba ya mkonge ya upande wa Tanga, na migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini. Basi hazina ya Ufipa ilijazwa kwa sehemu na jasho lililomwagika nje ya Ufipa, na waliolitoa hawakuwapo nyumbani kuuliza limetumikaje.

Baada ya vita mlango mwingine ulifunguliwa. Sheria ya Maendeleo na Ustawi wa Makoloni ya mwaka 1945 ilitenga paundi milioni 120 kwa makoloni yote ya Uingereza kwa muda wa miaka kumi, na huko Tanganyika vikajengwa vituo vya ustawi, nia mojawapo ikiwa kuwapa askari waliorudi mahali pa kusoma magazeti na kukutana. Unguja ilipata jumba la Raha Leo huko Ng’ambo. Dar es Salaam ilipata jumba la Arnautoglu, lililobeba jina la mfadhili wake, tajiri Mgiriki. Twaona hapa kwamba fedha za namna hii zilipenda miji, na hasa miji ambayo serikali iliiogopa kidogo. Uwanda wa Ufipa, wenye wakulima watulivu wanaofukia majani katika matuta yao ya intumba, haukumtia gavana yeyote hofu ya namna hiyo.

Uhuru ulipopatikana mwaka 1961, lugha ya kujitolea ilishika nafasi ya lugha ya ustawi. Utawala wa machifu uliondolewa mwaka 1963, na halmashauri za wilaya zikashika hazina. Mfuko wa Amana wa Maendeleo ya Jamii ulianzishwa mwaka 1962 ili kuwasaidia watu wanaojenga kwa mikono yao wenyewe. Mapatano yalijulikana na kila mtu: kijiji kitoe matofali, mchanga, maji na nguvu, upande wa pili utoe saruji, bati na misumari. Mapatano hayo yaonekana ya haki, lakini hayakuwa na uzito mmoja kila mahali. Uwanda wa Ufipa ni nchi ya majani, miti yake ni haba, na tanuri la matofali hula kuni nyingi. Mchango ambao mahali pengine ni kazi ya siku chache, huko ulikuwa safari za kwenda mabondeni na kurudi. Saruji nayo ilisafiri mbali. Reli ya TAZARA, iliyoanza kazi rasmi mwaka 1976, haikufika karibu zaidi ya Tunduma, na kutoka hapo hadi Sumbawanga zimebaki kilomita zipatazo 220, ambazo hazikutiwa lami mpaka miaka ya 2010.

Mwaka 1967 ukumbi wa jamii wa Kaloleni, Arusha, ulionyesha nyumba ya namna hii yaweza kubeba nini, kwani humo ndimo Halmashauri Kuu ya TANU ilimokutana mwezi Januari na kupitisha Azimio. Lakini miaka miwili baadaye ushuru wa halmashauri za wilaya ulifutwa, na mwaka 1972 halmashauri zenyewe zikavunjwa. Watu walifurahi kupumzika na kodi, wala hawawezi kulaumiwa. Hata hivyo, nyumba iliyoandikwa katika kitabu cha halmashauri ilibaki bila mwenyewe wa karibu. Ombi la bati moja sasa lilikuwa la kupelekwa mkoani. Mkoa wa Rukwa ulipoundwa mwaka 1974, Sumbawanga ikapata ofisi kuu, ila fungu liliendelea kukatwa Dar es Salaam. Sheria ya vijiji ya mwaka 1975 ilikipa kijiji haki ya kumiliki mali kwa jina lake. Haikukipa chanzo cha fedha.

Pengo hilo lilizibwa kwa muda na wageni. Katika miaka ya 1980 Norway iligharimia mpango wa maendeleo vijijini wa Rukwa, ikaondoka mwaka 1996. Halmashauri zilikwisha kurudishwa mwaka 1984 pamoja na kodi ya maendeleo. Kodi hiyo nayo ikafutwa mwaka 2003, nusura kwa maneno yale yale ya mwaka 1969, na ruzuku yenye masharti ikachukua mahali pake. Mwaka 2009 ikatungwa sheria ya mfuko wa kuchochea maendeleo ya jimbo, ambao kamati yake huongozwa na mbunge. Mwananchi wa Ufipa anayeomba fedha za nyumba ya jamii leo anapaswa kujua kuhesabu madirisha haya, na kujua ni lipi limefunguliwa mwaka huu.

Nyumba iliyodumu zaidi katika uwanda huo ni ya namna nyingine. Mwaka 1975, kwa msaada wa Sweden, Tanzania ilianzisha vyuo vya maendeleo ya wananchi, na Chala, katika wilaya ya Nkasi, ikapata kimoja. Tangu mwaka 1990 vyuo hivyo viliwekwa chini ya wizara ya maendeleo ya jamii, na mwaka 2017 vikahamishiwa wizara ya elimu. Chala imebadilisha wizara. Fungu lake la mishahara limeendelea kuandikwa katika bajeti ya taifa kila mwaka, jambo ambalo hakuna ukumbi wa kijiji katika Ufipa uliowahi kulipata.