Moyo Mzito si Upungufu wa Imani: Sonona na Milango ya Tiba Kisiwani Pemba

Msimu wa karafuu, wingu likitanda juu ya kijiji cha Pemba, kila mtu huinuka. Wakubwa kwa wadogo hukimbilia majamvini kuanua karafuu kabla hazijalowa. Tumfikirie mama aliyebaki ameketi kizingitini huku mvua ikinyeshea jasho lake la wiki nzima. Karafuu anaziona na thamani yake anaijua, lakini mwili haunyanyuki. Jirani atasema amekuwa mvivu, mumewe atasema ana shetani, yeye mwenyewe, akiulizwa, atajibu: "Mwili mzito tu." Makala haya yanadai kwamba jibu hilo ndilo mahali pa kuanzia. Elimu kuhusu sonona itafika Pemba ikiwa itatumia maneno ya wagonjwa wenyewe na kupita katika milango ambayo wamezoea kuipigia hodi.

Sonona hutambulika pale huzuni, au kutovutiwa na jambo lolote, inapomkaa mtu takriban kutwa nzima, karibu kila siku, kwa wiki mbili au zaidi, huku usingizi ukiharibika, chakula kikikosa ladha, nguvu zikiisha na mtu akijiona hana thamani. Si kila majonzi ni maradhi. Meli ya MV Spice Islander I ilipozama usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 ikielekea Pemba, mamia ya watu waliangamia, na wapo waliofiwa ambao hawakupata hata maiti ya kuzika. Kilio chao kilikuwa haki ya msiba. Lakini miezi ikipita na mfiwa bado hawezi kuoga, kula wala kutoka nje, pole peke yake haimtoshi.

Kiswahili kiliona mapema kwamba mwili na moyo huumia pamoja. Mtu husononeka kwa maumivu ya mwili, na husononeka kwa fedheha au kufiwa. Neno ni moja. Kwa hiyo anayefika kituoni akilalamikia kichwa, mgongo na uchovu usiokwisha hafichi kitu. Anaeleza sonona kama anavyoihisi. Mhudumu asipouliza zaidi, mgonjwa huyo atarudi nyumbani na vidonge vya maumivu, na ugonjwa wake uko palepale.

Wapo wanaosema kwamba Muislamu mwenye imani thabiti hapatwi na hali hii. Hoja hiyo haisimami. Qur'ani yenyewe inasimulia kwamba Nabii Yaakub alihuzunika kwa kumkosa Yusuf hadi macho yake yakawa meupe, na hakuna anayethubutu kumshuku imani. Mtume Muhammad (S.A.W.) aliwahimiza watu wajitibu. Abu Zayd al-Balkhi, mwanazuoni aliyefariki mwaka 934, alikwishatofautisha huzuni ambayo sababu yake inajulikana na ile isiyo na sababu ya wazi, ambayo aliihusisha na mwili. Kumtibu aliyesononeka, basi, ni kurudi kwenye elimu tuliyoiacha.

Pemba imevuma kwa uganga, na wengi huanza kwa dua, kombe au kuzinguliwa. Kubeza hayo ni kosa, kwa sababu shehe na mganga humpa mgonjwa muda, humsikiliza na huikusanya familia. Hatari ni pale wanapoifunga njia ya hospitali, hasa mgonjwa anapotamani kufa. Kwa upande mwingine, jina la Kidongo Chekundu, hospitali ya magonjwa ya akili iliyoko Unguja, likitajwa, wengi husikia wazimu tu, na mwenye sonona hujiona hahusiki.

Uganda ina funzo. Mwaka 2002, katika vijiji 30 vya Masaka na Rakai, watafiti walitumia majina ambayo wanakijiji wenyewe waliipa hali hii: yo'kwekyawa, kujichukia, na okwekubazida, kujihurumia. Katika nusu ya vijiji hivyo, wenye hali hiyo walikaa vikundini kila wiki kwa wiki 16, wanaume kwao na wanawake kwao, wakiongozwa na wenyeji waliofunzwa kwa wiki mbili tu. Mwishoni, waliobaki na sonona kali vikundini walikuwa asilimia 6.5, katika vijiji visivyo na vikundi, asilimia 54.7. Jambo hili halikuhitaji majengo makubwa. Lilihitaji watu wa kuaminika na lugha inayoeleweka.

Pemba ina watu hao: masheha, maimamu, walimu wa madrasa, wakunga. Wafunzwe kuuliza: unalalaje, unakula, tangu lini, na je, umefikiria kujidhuru? Swali hilo la mwisho halimpandikizi mtu wazo la kufa; humpa ruhusa ya kusema. Wakimaliza dua, wamuelekeze hospitali, kwani ushauri nasaha na dawa huponya wengi.

Nawe msomaji, mama yule wa kizingitini unamjua. Usimwambie avumilie tu. Mfuate, mpeleke kituo cha afya kilicho karibu, na ukae naye mpaka aitwe.