Kupishwa na Kutiisha: Istilahi Mbili za Mbwa Mkali

Anayefuga mbwa wa ulinzi hakai muda mrefu kabla ya kulisikia neno dominansi. Wakufunzi hulitumia, wanaouza vitoto vya German Shepherd na Rottweiler hulitumia, na mtu aliyeng'atwa na mbwa wake mwenyewe huambiwa kwa uhakika kabisa kwamba mbwa huyo "ana dominansi". Wanaotaka kulisema kwa Kiswahili husema ubabe: mbwa amekuwa mbabe, anataka kuwa bosi wa nyumba, basi mwonyeshe bosi ni nani. Ushauri unaofuata unajulikana. Mkabe shingo. Mgeuze chali umkandamize mpaka anyamaze. Mkodolee macho mpaka ayakwepeshe ya kwake. Mnyang'anye chakula katikati ya kula ili ajue kinatoka kwa nani.

Tafsiri hiyo ni mbovu, na ubovu wake haukomei kwenye kamusi. Ukishamwita mbwa mbabe, umeshaamua kwamba dawa yake ni ubabe mkubwa zaidi, hata kabla hujamtazama anafanya nini, wapi, na mbele ya nani.

Dhana yenyewe ilianzia bandani kwa kuku. Mwanzoni mwa miaka ya 1920, Mnorwei Thorleif Schjelderup-Ebbe alieleza jambo alilokuwa amelichunguza tangu utotoni: kuku wa kundi moja hawadonoani ovyo. Kila mmoja anajua nani anaweza kumdonoa na nani atamdonoa yeye. Mpangilio ukishaeleweka, ugomvi hupungua, kwa sababu kuku wa chini akimwona mwenzake anakuja kwenye punje huondoka mapema. Huo ndio msingi wa istilahi ambayo wanasayansi wa tabia za wanyama wanaitumia hadi leo. Ni uhusiano kati ya wanyama wawili, ambamo mmoja humpisha mwenzake kila mara wanapokutana penye kitu wanachokitaka wote wawili.

Kwa hiyo dominansi haikai ndani ya mnyama kama rangi ya manyoya yake. Mbwa A anaweza kupishwa na mbwa B penye mfupa, kisha yeye mwenyewe akampisha B penye kivuli. Akiwa peke yake hana dominansi yoyote. Kwa maana hii ya kisayansi napendekeza tuseme kupishwa, kitenzi ambacho kila msemaji wa Kiswahili anacho tayari kinywani, na ambacho hakiwezi kutumika bila kutaja anayepisha. "Mbwa huyu ana ubabe" ni sentensi iliyokamilika, ndiyo maana inadanganya. "Mbwa huyu anapishwa" inamlazimu msikilizaji aulize: na nani, na penye nini?

Kutoka kwa kuku, dhana ilihamia kwa mbwa mwitu, na hapa msomaji wa Afrika Mashariki anahitaji tahadhari. Kwetu mbwa mwitu ni yule mwenye mabaka na masikio ya mviringo anayewinda Ruaha na Selous. Wanaozungumziwa katika vitabu vya mafunzo ni wale wa kijivu wa Ulaya, Asia na Amerika ya Kaskazini, ambao tafsiri za Biblia zimewapa jina hilo hilo. Ni wanyama wawili tofauti. Na kama wakufunzi wangemchagua huyu wa kwetu awe kielelezo, wangepata shida kubwa, maana kwake watoto ndio hutangulia kula mawindo huku wakubwa wakisubiri.

Mwaka 1947 mtafiti Rudolf Schenkel alichapisha uchunguzi wake wa mbwa mwitu wa kijivu waliofugwa katika bustani ya wanyama ya Basel, Uswisi. Walikuwa wamefungiwa pamoja, na hakuna aliyeweza kuondoka mambo yakiharibika. Aliona mashindano makali ya nafasi ya juu. Mmarekani L. David Mech aliieneza picha hiyo katika kitabu chake cha 1970, na neno alfa, yaani anayetawala kundi, likaingia midomoni mwa watu. Kisha Mech huyo huyo alianza mwaka 1986 kwenda majira ya kiangazi katika kisiwa cha Ellesmere, kaskazini kabisa mwa Kanada, akakaa karibu na kundi la mbwa mwitu walio huru. Alichokikuta ni familia: baba, mama, na watoto wa miaka tofauti. Mwaka 1999 aliandika kwamba kumwita mzazi huyo alfa hakuongezi maarifa yoyote, kwa sababu anawaongoza watoto wake kwa kuwa ni mzazi wao. Aliendelea kumsihi mchapishaji aache kukitoa tena kile kitabu cha zamani, na mwaka 2022 kikaacha kuchapishwa. Namheshimu sana mtu huyu. Wanasayansi wengi hurekebisha hoja zao. Wachache huhangaika miaka yote hiyo kuliondoa sokoni neno walilolipa umaarufu wenyewe.

Lakini mafunzo yalikuwa yameshachukua njia yake. Watawa wa New Skete katika jimbo la New York, wafugaji maarufu wa German Shepherd, walipendekeza katika kitabu chao cha 1978 mbwa mkorofi ageuzwe chali na kushikiliwa chini. Toleo lao la 2002 liliufuta ushauri huo. Miaka miwili baadaye mkufunzi wa mbwa Cesar Millan alianza kipindi chake kwenye televisheni ya National Geographic, na mamilioni ya watazamaji wakajifunza upya kwamba mwenye mbwa sharti awe kiongozi wa kundi. Mbinu hizi nazo zinastahili istilahi yake, tofauti na ile ya kwanza. Naziita mafunzo ya kutiisha. Anayetiisha anamfanya mwingine atii kwa nguvu au kwa hofu. Neno linasema wazi kinachofanyika na halijifichi nyuma ya mbwa mwitu.

Je, kutiisha kunamsaidia mbwa mkali? Mwaka 2009 Meghan Herron na wenzake wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walichapisha majibu ya watu 140 waliokuwa wamepeleka mbwa wao kwenye kliniki ya tabia. Waliulizwa walikuwa wamemfanyia nini mbwa, na yeye akajibu vipi. Kati ya waliompiga au kumpiga teke, asilimia 43 walisema alijibu kwa ukali. Kati ya waliomngurumia, 41. Waliomtoa kitu kinywani kwa nguvu, 39. Waliomgeuza chali na kumkandamiza, 31. Hata kwa waliomkodolea macho tu, 30. Haya ni majibu ya wenye mbwa wenyewe, na mbwa walikuwa na matatizo tayari. Lakini hao hasa ndio mbwa tunaowazungumzia, na mikono iliyo hatarini ni ya watu hao hao. Uchunguzi wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2014, wa karibu wenye mbwa 4,000, ulikuta ukali kwa watu ukiandamana na mafunzo ya adhabu. Mtu anaweza kupinga kwamba labda ukali ndio ulioanza na adhabu ikafuata, na pingamizi hilo lina haki yake. Hata likikubaliwa, bado hatujaonyeshwa kwamba adhabu iliupunguza.

Tutazame kwa karibu. Sufuria ya ugali wa dona na vichwa vya dagaa imewekwa kando ya banda. Mbwa yuko kwenye mnyororo tangu asubuhi, na huu ndio mlo wake pekee wa siku. Mlinzi anasogea. Mbwa anaacha kutafuna. Hajainua kichwa, mdomo bado umo ndani ya sufuria, ila shingo imekakamaa na weupe wa jicho unaonekana pembeni. Hatua moja zaidi, anaanza kumeza haraka haraka bila kutafuna. Hatua nyingine, mdomo wa juu unapanda, jino linaonekana, na mngurumo wa chini unatoka kifuani. Kwa msamiati wa ubabe, hapo mlinzi ameshindaniwa cheo. Kwa macho matupu, mbwa anahofia kunyang'anywa chakula na ametoa maonyo matatu kabla ya kutumia meno.

Mlinzi akimtandika na kuichukua sufuria, mbwa amethibitishiwa kwamba hofu yake ilikuwa ya kweli. Ikirudiwa, hujifunza pia kwamba kunguruma kunaleta fimbo, akaacha kunguruma. Hofu iko pale pale, kilichoondoka ni onyo. Watu wa nyumba wanasema amepona. Halafu mtoto anaufuata mpira wake karibu na banda, na mbwa anauma bila sauti. Wanasema amemgeuka ghafla.

Hapo ndipo kutiisha kunapodanganya kuliko popote, kwa sababu matokeo yake ya papo hapo yanaonekana. Mbwa aliyekandamizwa kweli hunyamaza. Lakini kutulia na kunywea ni vitu viwili. Mbwa aliyetulia mwili wake umelegea, na ukimpa kipande cha nyama anakula. Aliyenywea amelaza masikio na kubana mkia, analamba midomo, anapiga miayo isiyo ya usingizi, na mara nyingi hata nyama ataikataa. Mtihani huu mtu yeyote anaweza kuufanya nyumbani kwake, ili mradi amtupie nyama hiyo kwa mbali.

Njia inayofaa zaidi inaanzia umbali ule ambao mbwa bado anatafuna kwa utulivu. Mlinzi anapita, anatupa kipande cha nyama kitamu kuliko kilichomo sufuriani, anaondoka. Hagusi sufuria. Kadiri siku zinavyopita mbwa huanza kuinua kichwa na kumsubiri, na umbali unapunguzwa kidogo kidogo kwa kufuata mwili wa mbwa, si haraka ya binadamu. Wakati kazi hiyo ikiendelea, mtoto hafiki kwenye banda, na mbwa anakula nyuma ya lango lililofungwa. Ni kazi ya polepole, na kwa mbwa aliyekwisha kuuma inataka mtu mwenye ujuzi.

Imebaki istilahi ya ukali wenyewe. Wengine hulitafsiri neno la Kiingereza aggression kwa uchokozi, nami siafiki, maana mchokozi ndiye aliyeanza. Ukali ni bora, na mageti yetu yamekwisha kuupitisha: Mbwa Mkali huko Dar es Salaam, Mbwa Kali huko Nairobi. Ila usisimame peke yake. Kuna ukali wa woga, ukali wa kulinda chakula, ukali wa mama mwenye watoto, ukali wa maumivu ya jino au sikio. Na mbwa mpole akigeuka mkali ghafla bila sababu, fikiria kichaa cha mbwa kwanza: aliyeumwa aoshe jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo kupata chanjo.

Kwa hiyo unapompeleka mbwa kwa daktari wa mifugo, liache nyumbani neno ubabe. Sema: "Hunguruma mtu akifika hatua tatu kutoka kwenye sufuria. Kwenye maji hangurumi. Ameanza mwezi uliopita, na anatafuna upande mmoja." Kwa maneno hayo daktari ataanza kwa kumfungua kinywa na kutazama meno.